Sura ya 4: Pumzi Inakoishia

Damu inayorudi moyoni kutoka mwilini huwa na wekundu uliopooza, kwa sababu imekwisha kuugawia mwili oksijeni iliyoibeba. Mtu aliyepatwa na sumu kali ya sianidi ni tofauti. Damu ya vena zake inaweza kuwa nyekundu ya kung'aa, utadhani ndiyo kwanza inatoka mapafuni. Hewa anaivuta. Sukari imo katika damu yake, na oksijeni imejaa tele. Hata hivyo anaweza kufa ndani ya dakika chache, seli za ubongo na moyo wake zikiwa zimeishiwa nguvu.

Tumezoea kusema kwamba chakula hutupa nguvu na pumzi hutupa uhai, kana kwamba hizo ni riziki mbili zisizohusiana. Mgonjwa wa sianidi anazo zote mbili na hazimfai kitu, maana njia inayoziunganisha imekatika. Hoja ya sura hii iko hapo. Nishati tunayoitumia hupatikana elektroni zinapohama kutoka kwenye chakula kwenda kwenye oksijeni, na seli hai imeigawa safari hiyo katika hatua ndogondogo ili nishati isipotee bure.

Chakula tutakachokifuata ni muhogo. Mamia ya mamilioni ya watu barani Afrika wanautegemea, na kwa familia nyingi za Mtwara, Kigoma, kando ya Ziwa Viktoria na huko Kongo ndio mlo wa kila siku. Isitoshe, mzizi huohuo hubeba wanga wa kutulisha na kemikali inayoweza kuzaa sianidi.

Kuungua bila moto

Katika majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, jijini Paris, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Walipima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mnyama huyo, kisha wakapima kaboni dioksidi anayoitoa akipumua. Joto lake lilikaribiana na la mkaa unaoungua hadi kutoa kiasi kilekile cha hewa hiyo. Wakahitimisha kwamba kupumua ni kuungua, ila kwa polepole.

Kwa hesabu ya mwisho walikuwa sahihi. Gramu 180 za glukosi zikiungua kabisa hutoa takriban kilokalori 670, pamoja na maji na kaboni dioksidi, ziwe zimechomwa maabara au zimeliwa mezani. Lakini joto lina masharti yake: hufanya kazi pale tu linapotoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, na injini ya gari hutegemea tofauti hiyo. Ndani ya seli tofauti ya namna hiyo haipo. Kote ni karibu nyuzi 37 zilezile. Nishati ya glukosi ikitoka yote kwa mpigo kama joto, msuli hauwezi kuitumia kujikunja wala figo kurudisha chumvi kwenye damu. Seli inalazimika kuiwahi kabla haijageuka joto, na kuihamishia kwenye molekuli nyingine.

Molekuli hiyo ni ATP. Karl Lohmann aliigundua nchini Ujerumani mwaka 1929, na wakati huohuo Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow, mtafiti kutoka India, waliitenga huko Marekani. Mwaka 1941 Fritz Lipmann alionyesha kwamba kazi nyingi za seli, ziwe za kujenga au za kusukuma, hulipiwa kwa molekuli hiyo moja. Ina fosfati tatu zilizofuatana kama mkia, zote zikiwa na chaji hasi, kwa hiyo husukumana. Fosfati ya mwisho inapokatwa, au inapohamishiwa kwenye protini, protini inayohusika hubadilika umbo: nyuzi za msuli huvutana, pampu ya chumvi hugeukia upande wa pili wa utando. Kinachobaki ni ADP, nayo haina budi kurudishiwa fosfati yake.

Mwili hauweki ghala la ATP. Iliyomo mwilini kwa wakati mmoja haifiki robo kilo, na mwanariadha anayetimua mbio kwa nguvu zake zote angeimaliza kwa sekunde chache. Ila kwa siku nzima mtu mzima huunda na kuvunja ATP yenye uzito unaokaribia uzito wa mwili wake. Molekuli zilezile huvunjwa na kuundwa upya mamia ya mara kati ya asubuhi na asubuhi. Swali la nguvu, basi, ni swali la jinsi ADP inavyorudishiwa fosfati bila kukoma.

Hatua kumi za kwanza

Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha kwa muda mrefu bila kumeza, nawe utaanza kuonja utamu. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokata minyororo mirefu ya wanga. Utumbo mdogo huimaliza kazi hiyo, na glukosi huingia kwenye damu. Damu yote ya mtu mzima huwa na glukosi ya gramu 5 hivi, kiasi cha kijiko cha chai; inayozidi huhifadhiwa na ini na misuli kwa namna ya glaikojeni, au hugeuzwa mafuta.

Ikishaingia ndani ya seli, glukosi hupitia hatua kumi, nyingi kati ya hizo zikiwa mageuzi madogo ya atomu chache, kila moja ikisimamiwa na kimeng'enya chake. Molekuli yenye kaboni sita hupasuliwa kuwa mbili za kaboni tatu, ziitwazo piruvati. Seli hutanguliza ATP mbili ili kuianza kazi, kisha huvuna nne. Faida ni mbili. Oksijeni haijahusika hata kidogo.

Mlango wa maarifa haya ulifunguliwa na Eduard Buchner mwaka 1897. Wataalamu wengi wa wakati wake, wakimfuata Louis Pasteur, waliamini kwamba uchachu hauwezi kutokea bila seli nzima iliyo hai. Buchner alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka seli zikapasuka, akaikamua, akapata majimaji yasiyo na uhai ndani yake. Alipotia sukari nyingi ili majimaji yale yasiharibike, yakaanza kutoa mapovu: sukari ilikuwa inavunjwa na vimeng'enya peke yao. Mwaka 1907 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Hamira iliyokosa oksijeni huishia katika hatua hizo. Huigeuza piruvati kuwa alkoholi na kaboni dioksidi, na ndiko mbege na pombe nyingine zinakopata ukali wake. Msuli unaofanyishwa kazi kupita kasi ya kuletewa oksijeni nao huigeuza kuwa asidi ya laktiki. Chembe nyekundu za damu huishi hivyo maisha yao yote, siku 120 hivi, kwa faida ya ATP mbili kwa kila glukosi. Zinabeba oksijeni ya mwili mzima na zenyewe haziitumii.

Seli ya ubongo haiwezi kuishi kwa faida ndogo kiasi hicho. Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, nao hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika. Kwake yeye piruvati ni mwanzo tu.

Kidari cha njiwa

Hans Krebs alikuwa daktari Mjerumani wa asili ya Kiyahudi. Mwaka 1933, utawala wa Hitler uliposhika hatamu, alifukuzwa kazi Freiburg akahamia Uingereza. Mwaka 1937 alikuwa Sheffield, akitafuta jinsi seli inavyoimaliza piruvati. Malighafi yake ilikuwa kidari cha njiwa, msuli wa kurukia, ambao hutumia oksijeni kwa kasi kubwa.

Krebs na mwanafunzi wake William Johnson waliusaga msuli huo ungali mbichi, wakautia kwenye vichupa vilivyounganishwa na kipimo cha shinikizo la hewa. Shinikizo likishuka, maana yake oksijeni inaliwa. Waliongeza asidi ya sitriki, ileile inayoifanya ndimu iwe kali kwenye ulimi, kwa kiasi kidogo sana. Oksijeni iliyotumika ilizidi mno ile ambayo ingetosha kuiunguza asidi yenyewe. Tafsiri ilikuwa moja tu: asidi ya sitriki haikuwa ikitumika na kwisha, ilikuwa ikibadilishwa na kuundwa tena. Mambo yalikuwa yakienda kwa mzunguko.

Krebs aliandika barua fupi kwa jarida la Nature. Ilirudishwa, kwa maelezo kwamba jarida lilikuwa na barua za kutosha kwa wiki kadhaa zijazo. Akaipeleka kazi yake kwa jarida la Enzymologia la Uholanzi, likaichapisha mwaka huohuo. Mwaka 1953 yeye na Lipmann waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mzunguko wenyewe hufanyika ndani ya mitokondria, vyumba vidogo vilivyomo ndani ya seli. Piruvati ikiingia humo hupoteza kaboni moja kwa namna ya kaboni dioksidi. Kaboni mbili zinazobaki huunganishwa na asidi yenye kaboni nne, na hapo asidi ya sitriki hupatikana. Kisha, hatua kwa hatua, kaboni mbili zaidi huachiliwa kama kaboni dioksidi, hadi asidi ya kaboni nne inapatikana tena na kuanza upya. Kaboni dioksidi unayoitoa puani sasa hivi, msomaji, imetoka humo. Wengi hudhani oksijeni tuliyoivuta ndiyo iliyoungana na kaboni ikatoka. Sivyo. Oksijeni iliyo ndani ya kaboni dioksidi imetokana na chakula na maji. Ile tuliyoivuta bado haijafanya chochote.

Kwa upande wa ATP mzunguko huu hutoa mbili tu kwa kila glukosi. Mavuno yake makubwa ni elektroni zilizong'olewa kwenye mabaki ya chakula na kupokewa na molekuli mbili, NAD na FAD. Mwili huzitengeneza kutokana na niasini na riboflavini, vitamini za kundi B. Mtu anayekosa niasini kwa muda mrefu hupatwa na pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi, tumbo na akili kwa pamoja, kwa kuwa hakuna kiungo kisichoihitaji NAD.

Utando wenye umeme

Seli moja ya ini inaweza kuwa na mitokondria zaidi ya elfu. Kila moja ina tando mbili, na ule wa ndani umekunjwakunjwa ili kuongeza eneo lake. Asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hadi leo mitokondria ina DNA yake yenyewe, tunayoirithi kwa mama.

Kwenye utando wa ndani NAD na FAD huzikabidhi elektroni kwa safu ya protini zenye madini ya chuma na shaba. Kila kituo huzivuta elektroni kwa nguvu kuliko kilichotangulia, kwa hiyo husonga mbele na kutoa nishati kidogokidogo. Mwisho wa safu kuna kimeng'enya kiitwacho saitokromu oksidesi. Hapo molekuli moja ya oksijeni hupokea elektroni nne na protoni nne, ikawa molekuli mbili za maji. Hiyo ndiyo hatima ya karibu oksijeni yote unayoivuta: huzipokea elektroni zilizotoka kwenye chakula, ikageuka maji.

Kwa miaka mingi wataalamu walitafuta kemikali inayoihamisha nishati hiyo kwenda kwenye ATP, wasiipate. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alisema wanatafuta kitu kisichokuwepo. Kwa maelezo yake, mwendo wa elektroni husukuma protoni kutoka upande mmoja wa utando hadi mwingine. Protoni hulimbikizana nje, zikitamani kurudi, na zinaporudi kupitia kimeng'enya maalumu ndipo ATP inapoundwa. Anayelijua bwawa la Kidatu ataelewa upesi: ukuta umezuia maji ya Mto Ruaha Mkuu, na yakishuka huzungusha mitambo ya umeme.

Wakubwa wa fani walimpinga kwa zaidi ya miaka kumi. Mitchell aliacha kazi Edinburgh kwa sababu ya afya, akakarabati nyumba kuukuu mashambani Cornwall na kuifanya maabara. Ushahidi uliowanyamazisha wengi ulitoka Marekani mwaka 1974. Efraim Racker na Walther Stoeckenius walitengeneza viputo vidogo vya mafuta, wakavipachika protini mbili zisizojuana kabisa: moja kutoka kwa kiumbe wa maji ya chumvi, inayosukuma protoni ikimulikwa, na nyingine ni kimeng'enya cha ATP kutoka moyo wa ng'ombe. Wakawasha taa. ATP ikaundwa. Kilichoziunganisha protini hizo ni protoni peke yake. Mwaka 1978 Mitchell alipata Tuzo ya Nobel.

Kimeng'enya hicho cha ATP kweli huzunguka. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikibandika uzi wa protini unaong'aa, wakakipa ATP ili kiende kinyume, wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini. Kila mzunguko mmoja kamili huunda ATP tatu. Tofauti ya umeme kati ya pande mbili za utando ni kama volti 0.15, lakini utando wenyewe una unene wa nanomita 5 hivi. Ukiikokotoa kwa urefu, ni sawa na volti milioni 30 kwa mita.

Kwa makadirio ya sasa glukosi moja hutoa ATP 30 hadi 32. Mbili zinatoka kwenye hatua kumi za mwanzo, mbili kwenye mzunguko wa Krebs, na zote zilizobaki kwenye utando huu. Nishati isiyokamatwa hugeuka joto, na joto hilo ndilo linaloufanya mwili uwe na uvuguvugu.

Sianidi inapoingia

Sasa kitendawili cha damu nyekundu kinateguka. Sianidi hung'ang'ania chuma kilichomo ndani ya saitokromu oksidesi, mahali hasa ambapo oksijeni ingekaa. Oksijeni hufika, haina pa kupokelea elektroni, hurudi na damu kama ilivyokuja. Elektroni nazo hukwama, kwa kuwa mbele yake kumezibwa. Pampu za protoni husimama. NAD zote hubaki zimeshikilia elektroni bila wa kumkabidhi, na mzunguko wa Krebs, unaohitaji NAD tupu, husimama nao. Seli hubakiwa na ATP mbili mahali pa thelathini, na asidi ya laktiki hurundikana katika damu.

Hospitali hutumia dawa kama haidroksikobalamini, aina ya vitamini B12. Kobalti yake huinasa sianidi, na viwili hivyo hutoka pamoja kwa mkojo.

Usiku tatu majini

Muhogo hauna sianidi iliyo huru ndani yake. Una linamarini, ambamo sianidi imefungwa pamoja na sukari, ikihifadhiwa katika vifuko ndani ya seli. Kimeng'enya cha kuivunja kimewekwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Mzizi ukitafunwa na mnyama, viwili hivyo hukutana na sianidi hutoka. Ndiyo maana nguruwe pori hawaushambulii muhogo mchungu kama ule mtamu, na ndiyo sababu mojawapo ya wakulima kuupenda. Ukame huongeza kiasi cha linamarini.

Kuuchemsha muhogo mchungu mzimamzima hakutoshi, kwa sababu moto huua kimeng'enya na kuiacha linamarini bila kuvunjwa. Kuukata makopa na kuyaanika peke yake pia huacha nyingi. Njia iliyo bora ni ile ya kivunde: kuumenya, kuuloweka hadi ulainike, kwa kawaida siku tatu, kisha kuuponda na kuuanika. Katika maji kuta za seli huoza, kimeng'enya huifikia linamarini, na sianidi hupotelea majini na hewani.

Pale siku hizo zinapopunguzwa, watu huumia. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo, aliouona Kwango, Kongo. Miguu ya mgonjwa hukakamaa ghafla na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, ambao kwa wiki nyingi wameishi kwa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri na protini haba. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ugonjwa huo ulizuka Tarime, Tanzania, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mtwara. Kongo watafiti walikuta kwamba wauzaji walioharakisha mzigo wa soko la mjini walikuwa wamepunguza usiku wa kuloweka kutoka tatu hadi mmoja.

Mwili wenyewe hujitetea dhidi ya dozi ndogo. Kimeng'enya kimoja, kilicho kwa wingi katika ini, huigeuza sianidi kuwa thiosianeti, ambayo hutoka kwa mkojo, lakini kinahitaji salfa, nayo hutokana na protini. Samaki, mayai, nyama na maharage pembeni ya ugali wa muhogo vina kazi hiyo pia, zaidi ya kuleta ladha.

Ukinunua unga wa muhogo usioujua ulivyoandaliwa, fuata njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Canberra na kufundishwa katika vijiji vya Mtwara na Kongo. Uchanganye na maji, uutandaze kwa tabaka jembamba, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga hupata maji, huimalizia kazi yake, na sianidi hupaa. Baada ya hapo kinachobaki ni wanga, na glukosi yake hupita njia ileile ya glukosi ya mchele, ya viazi na ya asali, hadi kwenye oksijeni uliyoivuta dakika hii.